Uungwana au ukatili kwenye Crusader Kings III: ipi inakufaa

Ukianza Crusader Kings III haupiti muda mrefu utajikuta hapa: una mdogo wako ana ardhi nzuri, hana mtoto, akifa leo ardhi yote inakuja kwako, na ukibonyeza picha yake kuna sehemu ya kupanga mauaji. Hakuna anayekulazimisha na hakuna anayekuzuia. Watu wanabishana sana kama ubonyeze au uache, na mabishano mengi naona yanapima kitu kimoja tu, mfalme akiwa hai na ana nguvu zake nani anapata ardhi haraka. Kwa kipimo hicho ukatili unashinda, tena mapema, hilo halina ubishi. Mimi napima tofauti, naangalia ile siku mfalme anakufa na kijana wake wa miaka 16 anakalishwa kwenye kiti, maana hii gemu nzima imejengwa kuzunguka siku hiyo, na ukipima hapo majibu yanabadilika kabisa.

Kwa ambaye hajawahi kuigusa: ni gemu ya mikakati ya Paradox, kampuni ya Sweden, ilitoka 1 Septemba 2020 kwenye kompyuta, 2022 ikaja kwenye PlayStation 5 na Xbox. Unachagua mtawala mwaka 867 au 1066 (siku hizi na 1178 pia ipo) na safari inaishia 1453, mwaka Konstantinopoli ilipoanguka. Huchezi nchi, unacheza mtu. Huyo mtu ana tabia zake, mke, watoto, maadui, magonjwa, na akifa unaendelea kama mrithi wake, ukikosa mrithi wa ukoo wako basi gemu imeisha. Kwahiyo ushindi wa kweli humu ni ukoo kuendelea, mengine yote yanafuata.

Na nikisema uungwana simaanishi kuwa mpole mpaka unakanyagwa. Namaanisha vita unaenda kwa dai halali, mkataba wa amani unauheshimu mpaka uishe, cheo cha mtu hunyang'anyi bila kosa, mateka unamwachia kwa fidia, na ndugu zako wa damu huwagusi. Ukatili ni kuua kwa siri, kusaka siri za watu ili uwashike nazo pabaya, kunyonga wafungwa ili wengine waingiwe na hofu, na kuchukua cheo cha mtu kwasababu tu unakitaka.

Ndugu watatu wa Hispania

Mfano mzuri kuliko yote upo kwenye gemu na upo kwenye historia pia. Mfalme Ferdinand wa Kwanza wa León alifariki 1065 akagawa utawala kwa wanae, Sancho mkubwa akapata Castile, Alfonso akapata León, García akapata Galicia. Ukifungua gemu mwaka 1066 unawakuta wote watatu wamekaa wanatazamana, ndugu wa baba mmoja mama mmoja, kila mmoja anakitaka kiti cha mwenzake.

Historia ilikwenda hivi. García akanyang'anywa Galicia na kaka zake, kisha Januari 1072 Sancho akampiga Alfonso pale Golpejera, Alfonso akakimbilia Toledo kwa mtawala Mwislamu aliyempokea. Mwaka huohuo mwezi wa kumi Sancho akauawa akiwa anauzingira mji wa Zamora uliokuwa wa dada yao Urraca, na Alfonso akarudi akachukua kila kitu. Baadaye wakaja kusimulia kwamba El Cid, shujaa maarufu wa Castile, alimwapisha Alfonso mbele ya watu kwamba hana mkono kwenye kifo cha kaka yake, hiyo ni hadithi tu ila inakuonyesha watu walikuwa wanawaza nini. García naye alirudi, 1073 akaitwa kama kwa mazungumzo, akafungwa, na hakutoka tena mpaka alipofia kifungoni 1090.

Sasa Alfonso alifaidika? Sana. Mwaka 1085 aliichukua Toledo yenyewe, akawa mkubwa kuliko wafalme wote wa Kikristo pale. Lakini angalia mwisho wake. Mwanae pekee wa kiume, aliyepewa jina la Sancho, aliuawa vitani Uclés 1108, mwaka uliofuata Alfonso akafa, taji likaenda kwa binti yake Urraca na miaka yake ikajaa vita na mumewe mwenyewe, mfalme wa Aragon. Kaka zake Alfonso wote wawili walikufa bila kuacha watoto. Hakukuwa na mpwa wa kuziba pengo wala binamu mwenye jeshi wa kuegemea.

Ndani ya gemu inakuja hivyohivyo. Ukicheza Alfonso kwa ukatili unaweza kuwa na mataji matatu kabla hujazeeka, ni njia fupi kweli na inafurahisha. Ukicheza kiungwana una njia mbili, aidha uende vitani kwa dai lako waziwazi, ukishinda García anapoteza taji ila anabaki na majimbo yake chini yako, au uwaache ndugu zako kabisa muungane mwende kusini, maana ule ukhalifa wa Cordoba ulishavunjika tangu 1031 na kilichobaki ni falme ndogondogo, tajiri, hazina umoja. Ardhi iko huko, hujalazimika kuitafuta kwenye kitanda cha mdogo wako. Na watoto wa García na wa Sancho wakizaliwa wote ni wa ukoo wa Jimena, ukoo wako.

Hii ya ukoo wachezaji wengi wanaipita tu. Kuna kitu gemu inakihesabu kila mwezi, nakiita utukufu wa ukoo, ni tofauti na heshima ya mfalme mwenyewe, na unaingia kutokana na ndugu zako walio hai na hasa wale wenye vyeo vikubwa huko nje. Utukufu ndo unanunua zile faida za kudumu ambazo kila mrithi anazikuta, damu bora, vita, sheria, elimu, unachagua mwenyewe. Mpwa wako akiwa mfalme mahali anakuingizia kila mwezi bila wewe kutoa senti. Ukimuua ili ubebe ardhi yake umepata ardhi lakini ukoo umepungua mtu. Mimi nimefika mahali nasema uungwana unalisha ukoo na ukatili unalisha taji, na ukishajua wewe unataka kipi kati ya hivyo viwili nusu ya swali imejibika.

Kuogopwa na kupendwa

Hofu ina namba yake, 0 mpaka 100. Ukinyonga mfungwa inapanda, ukimtesa inapanda, na ikishapanda vasali (bwana mwenye ardhi aliye chini yako) anayekuchukia anaufyata, hajiungi na kundi la kukuangusha hata kama moyoni anatamani ufe kesho. Ni nguvu kubwa na ya bei nafuu sana, haihitaji dhahabu, inahitaji gereza lenye watu. Kwa mfalme mwenye mavasali wengi wenye hasira na hazina tupu sijaona dawa ya haraka kuliko hiyo.

Lakini ina matundu matatu. La kwanza haimshiki kila mtu, vasali jasiri anaiona namba yako na bado anakuja, na kwa bahati mbaya majasiri ndo mara nyingi wana majeshi. La pili inashuka yenyewe taratibu, kwahiyo inabidi kila baada ya muda utafute mtu mwingine wa kunyonga, ukiishiwa wafungwa unaanza kuwakamata watu wasio na kosa, ukimkamata mtu bila sababu unahesabiwa udhalimu na udhalimu unakushusha kwa mavasali wote kwa pamoja, yani dawa inazaa ugonjwa. La tatu ndo kubwa, hofu ni ya mtu. Baba amefika 100, watu hawapumui, anakufa usiku, asubuhi kijana anakaa kwenye kiti na watu wale wale hawana sababu ya kumwogopa yeye. Na mara nyingi baba alikuwa ameshika ardhi nyingi ambazo hazina mizizi, walioporwa wako hai, wana madai, na mtawala mpya bado hajakaa muda wa watu kumzoea. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vinavyoanza siku ile ndo vinavyomaliza falme nyingi.

Kupendwa kunachukua muda. Zawadi, karamu, kuwinda pamoja, kumpa mtu nafasi kwenye baraza, kumpa binti, kutochukua cha mtu. Kuna miaka unakaa unajenga tu na jirani yako katili anameza majimbo unaona. Na tuseme ukweli, urafiki nao ni wa mtu, rafiki mkubwa wa baba si lazima awe rafiki wa mtoto. Ila damu inabaki. Dada wa mfalme mpya kaolewa kwa duku (bwana mkubwa aliye chini ya mfalme) wa kaskazini, ule udugu upo na mkataba wa kusaidiana unaweza kufungwa upya siku ileile, wakati yule mtoto wa katili ana nyumba tatu zinazotaka kulipa kisasi na shangazi zake wote wameozwa kwa watu ambao baba yao aliwaibia.

Ukiwa na nyongeza ya Friends & Foes ya 2022 hili la kisasi linaonekana wazi zaidi, nyumba mbili zinaingia kwenye uhasama unaorithiwa, mtoto anazaliwa anakuta vita vya mauaji kati ya familia yake na familia nyingine na hajui hata ulianzaje.

Huwezi kuchagua ukasahau unacheza nani

Hapa nataka tukae kidogo, kwasababu ushauri mwingi unatolewa kama vile mchezaji ana uhuru wote, na hana. Kila mtawala ana tabia, kwa kawaida tatu, na ukimlazimisha kufanya kinyume chake anapata stresi. Mwenye huruma ukimwambia anyonge stresi inapanda. Mkarimu ukimwambia akamue watu hela inapanda. Bahili ukimwambia atoe zawadi inapanda pia, kwahiyo na uungwana una gharama kwa mtu asiyeumbwa nao. Anayefurahia mateso, yeye ukimpa mfungwa wa kunyonga stresi inashuka, anatoka pale amepumzika. Ikifika 100 anavunjika mara ya kwanza, 200 ya pili, 300 ya tatu, na kila kuvunjika unaulizwa unaachia nini, anakuwa mlevi, au anajichapa viboko, au anaanza kugombana na watu, na huko juu kabisa hata maisha yake yanakuwa mafupi.

Mfalme mwenye huruma, mkweli, mwenye haki, ukamchezesha kikatili kwasababu umesoma mahali kwamba kunyonga kunalipa, atakufa mapema akiwa amelewa na hofu yake haijafika hata nusu. Wewe utasema ukatili haufai. Utakuwa umeupima kwa mtu asiyeuweza.

Na tabia hazirithiwi kama ardhi. Kwetu huku tunao mfano, ingawa Kilwa haimo kwenye ramani ya gemu hii. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa 1331 akamkuta Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyekuwa akiitwa Abu al-Mawahib kwa jinsi alivyokuwa mtoaji, fakiri mmoja alimsimamisha akitoka swala ya Ijumaa akamwomba nguo alizovaa, sultani akaingia ndani akabadilisha akampa zote. Alipofariki akashika ndugu yake Daud, na huyo alikuwa kinyume chake, mwombaji akija anamjibu kwamba aliyekuwa anatoa amekufa na hakuacha kitu cha kutoa. Nyumba moja, kiti kimoja, mtu amebadilika na utawala wote umebadilika. Kwenye gemu hilo utaliona kila baada ya miaka 20 au 30, mfalme mwungwana anamwachia kiti bahili mwenye kinyongo, na ukijaribu kuendelea na siasa za baba kwa mwili wa mtoto utaumia.

Kuna namna ya kupunguza hilo, mlee mrithi mwenyewe. Ukiwa mlezi wake yanakuja matukio utotoni ambapo unaweza kumsukuma kuelekea tabia fulani, na mlezi mwenye tabia nzuri ana nafasi ya kuziambukiza. Usimwachie tu mtu yeyote wa ikulu kwasababu ana elimu kubwa ya vita.

Mateka

Hapa watu wanafanya maamuzi kwa hasira. Saladin, sultani wa Misri na Syria, ni mwalimu mzuri wa pande zote mbili, na ukianza 1178 unaweza kumcheza mwenyewe. Tarehe 4 Julai 1187 pale Hattin aliwapiga Wafranki, wale Wakristo wa vita vya msalaba, akawakamata mfalme Guy wa Lusignan na Reynald wa Châtillon. Guy akapewa maji, akaachwa hai. Reynald, ambaye alikuwa anavamia misafara wakati wa mkataba wa amani, akauawa palepale. Wale mashujaa wa Templar na Hospitaller, vikundi vya watawa wapiganaji, waliokamatwa wakauawa pia. Halafu Oktoba, Jerusalem ikajisalimisha kwa makubaliano na Balian wa Ibelin, fidia dinari 10 kwa mwanaume, 5 kwa mwanamke, hapakuwa na machinjio kama yale ya 1099 Wafranki walipouteka mji.

Uaminifu wake ulimfungulia miji, watu wakijua ukisalimu amri unatoka salama hawapigani mpaka mwisho. Lakini una bei na aliilipa. Wengi walioachiwa walikusanyika Tiro, mji wa pwani, na mji ule ukamshinda, na Guy aliyeachiliwa 1188 kwa kiapo cha kutopigana tena akaenda kuuzingira mji wa Akka 1189. Mwanahistoria Ibn al-Athir, aliyeishi zama hizohizo, alimlaumu waziwazi kwa hilo la Tiro.

Gemu inakupa nafasi ya kufanya vizuri zaidi. Ukiwa na mateka usikimbilie hela wala shoka. Angalia kwanza ana nini. Ana dai kwenye ardhi yako? Mwachie kwa sharti la kuliacha dai. Ni vasali mkubwa? Chukua ndoano, ile deni ambalo siku moja utamwambia alipe, nawe unamwachia. Ni mtoto wa tajiri? Fidia, na fidia ya duku mmoja inaweza kukulipia askari wa kudumu. Kunyonga mi naacha kwa mtu ambaye ameshaasi, akasamehewa, akaasi tena, na hapo tayari una sababu halali kwahiyo hofu inapanda bila udhalimu kukuandama. Mwungwana anayenyonga mara chache na kwa haki anapata hofu ya kutosha, katili anayenyonga kila wiki anaongezea kidogo tu juu ya hapo na anapoteza fidia zote.

Njama zenyewe zinavyofanya kazi

Kama umeamua kwenda njia ya ukatili basi ijue vizuri. Njama ya kuua ina asilimia za aina mbili, ya kufanikiwa na ya kubaki siri, na watu wanaangalia ya kwanza wanasahau ya pili. Unawatafuta wasaidizi walio karibu na mlengwa, kila mmoja anaongeza nafasi, lakini kila mmoja sasa anajua siri yako, na siri hiyo anaweza kukushika nayo miaka mingi baadaye. Ikifichuka unaitwa muuaji, ukiwa umeua ndugu ni mbaya zaidi, na hilo jina unabaki nalo. Ndoano nazo ziko za aina mbili, dhaifu unaitumia mara moja imekwisha, imara unaitumia tena na tena, na vasali uliyemshika kwa ndoano imara hawezi kujiunga na kundi la kukupinga. Ukatili wenye akili unatumia ndoano nyingi na visu vichache.

Mwungwana pia anahitaji mkuu wa majasusi mzuri, tena anamhitaji kuliko katili, kwasababu yeye ndo anayelengwa. Mweke kwenye kazi ya kuvuruga njama ikulu, mpende, mpe zawadi, hakikisha yeye mwenyewe hafaidiki ukifa.

Pesa inakuja kwa njia zote mbili, sitakaa hapo.

Urithi, chanzo cha ndugu kuuana

Sababu kubwa inayowafanya hata wachezaji wapole waue ndugu ni sheria ya urithi. Mwanzoni karibu wote wanagawa ardhi kwa watoto wote wa kiume, ile ile ya Ferdinand, unajenga ufalme miaka arobaini halafu unakatwa vipande. Kwahiyo mrithi anaanza kwa kuwamaliza wadogo zake. Waosmani walifanya hivyo kweli, Bayezid alimuua ndugu yake Yakub 1389 baada tu ya baba yao kufa vitani Kosovo, na bado Timur, mbabe wa vita wa Asia ya Kati, alipomkamata Bayezid mwenyewe 1402 wanawe wakapigana mpaka 1413. Kuua ndugu wa kizazi kimoja hakukutatua kizazi kilichofuata.

Kabla ya kisu jaribu haya. Pigana nje ili watoto wadogo wapate mataji yao huko badala ya kukata la kwako. Mwombe mmoja aingie utawa mapema. Ukiwa mkuu wa ukoo unaweza kumnyima mtu urithi kwa kutumia utukufu wa ukoo, ni ghali ila hakuna damu. Kazania maendeleo yanayofungua sheria bora za urithi, mpaka ile ya mtoto wa kwanza kuchukua vyote. Na usizae ovyo, mfalme mwenye watoto wa kiume wanane na nchi moja amejitafutia.

Sasa nani achague nini

Una jimbo moja au mawili, umezungukwa na wakubwa, huna dhahabu wala washirika: ukatili una maana kwako, kwa kizazi kimoja. Robert Guiscard kule Apulia, kusini mwa Italia, mwaka 1066 ndo mtu wa kuanza naye, jina lenyewe alipewa kwa ujanja wake, alikuwa mmoja wa watoto wengi wa bwana mdogo wa Normandy na alifika mpaka kuichukua Palermo 1072 pamoja na mdogo wake Roger. Ila mjue na upande wa pili, kaka yake Humphrey alimwachia mtoto wake Abelard amlee, Robert akaubeba urithi wa yule mtoto, na Abelard alimsumbua kwa maasi miaka na miaka. Ukimcheza, chukua vyako mapema, halafu miaka kumi ya mwisho ya maisha yake acha kabisa kuua, gawa zawadi, oza watoto, mwandalie mwanae uwanja.

Una ufalme tayari na mrithi ni mtoto mdogo: uungwana, bila kufikiria mara mbili. Kila unayemkosea leo atakutana na mtoto.

Una mtawala katili kwa tabia: mwache awe katili, ila mwelekeze nje, kwa maadui na waasi, nyumba yako isiguswe.

Ndo unajifunza: chukua Murchad wa Munster, Ireland, 1066, kisiwa hakina majitu ya kukumeza haraka, cheza kiungwana, maana utajifunza ndoa, madai, baraza na mikataba, vitu ambavyo katili anavirukaga na baadaye hajui vinafanyaje kazi.

Mimi nacheza kiungwana na nitaendelea. Ndugu siwagusi kabisa, siri nikiipata kwa jasusi wangu naitumia lakini sitengenezi ya uongo, mkataba wa amani sivunji. Napoteza ardhi nyingine kwa ajili ya hilo na nakubali, kwasababu ifikapo 1300 hivi natazama ramani naona watu wa ukoo wangu kwenye viti vitano sita, wengine hata siwajui majina, na wote wanaongeza utukufu. Hiyo raha sijawahi kuipata kwenye ufalme mmoja mkubwa wenye mfalme mmoja mpweke.

Ukitaka kupima mwenyewe chukua Alfonso 1066 mara mbili, moja hivi moja vile, na usihukumu mpaka umefika kwa mjukuu. Washa Ironman zote mbili, ile ambayo huwezi kurudisha sevu ya nyuma, maana ukiweza kurudi kila njama ikifichuka basi ukatili unakuwa bure kabisa na hutakuwa umelinganisha chochote.